Makali Hayatoki Kinooni



Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alinisubiri nje ya msikiti akaniuliza swali nililodhani lina jibu la mstari mmoja. Alisema: "Sheikh, mume wangu hununua kisu kipya kila Idd ya kuchinja, na usiku wa kuamkia Idd hukesha akikinoa. Mbuzi wa kwanza huenda vizuri. Wa pili hutaabika. Wa tatu mimi huingia ndani nisimwone. Je, kosa ni la mkono au ni la kisu?" Nilimwomba anipe muda nilijibu katika safu hii, kwa kuwa najua nyumba yake si ya pekee katika mji huu. Tena jibu lina fiqhi ndani yake na lina chuma ndani yake, na wengi wetu tunaishika fiqhi tu, chuma tukamwachia muuza duka.

Hadithi ya kunoa kisu kabla ya kuchinja kila mtoto wa madrasa anaijua, na anajua pia kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Lakini wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu katika pwani hii, wameingia ndani zaidi. Wameuliza: je, aliyechinja kwa kisu butu? Wakajibu kwamba mnyama huyo ni halali kwa sharti mbili. La kwanza, kukata kusitegemee nguvu za mchinjaji, yaani kisu chenyewe ndicho kikate, wala mtu asiwe anakandamiza na kusokota. La pili, koo la pumzi na koo la chakula viwe vimekwisha kukatika kabla mnyama hajafikia hali ya mtikisiko wa aliyekwisha chinjwa. Hebu yapime masharti hayo na tunayoyaona katika nyua zetu siku ya Idd, kijana akiwa amepiga goti, jasho linamtoka, anakwenda na kurudi kama mwenye kukata tawi la mkarafuu kwa msumeno. Hapo ubutu wa kisu umekwisha kuwa ni suala la uhalali wa nyama.

Basi jibu la yule mama ni kwamba kosa, aghalabu, ni la kisu. Na kukesha ukikinoa hakusaidii. Kinoo huchonga ukingo wa chuma ukawa mwembamba. Ugumu wa kuulinda wembamba huo hakiwezi kuutia, kwa sababu ugumu hutiwa na moto, nao hutiwa mara moja, mikononi mwa mhunzi, kabla kisu hakijaonana na kinoo. Chuma laini ukikinoa kitakata nywele za mkono wako, na kikigusa mfupa mmoja ukingo wake hujikunja mfano wa jani la mgomba juani. Wewe wadhani kimeisha makali; ukweli ni kwamba hakikuwa nayo, kiliazimwa kwa saa moja.

Wazee wetu walikuwa na neno la chuma kigumu: pua. Kwao neno hilo halikuwa la kiungo cha uso peke yake. Lilikuwa jina la chuma kilichokomaa, na hadi leo mhunzi husema "kutia pua" shoka au jembe, maana yake kuunga kipande cha chuma kigumu mahali pa makali, huku mwili wa chombo ukiachwa chuma laini kisichovunjika. Vijana wa leo wakisikia "chuma cha pua" hufikiria sinki na sufuria. Walikuwa na neno jingine pia, feleji, kwa pua ya daraja la juu, ile ya panga za fahari. Watu hawaweki majina mawili kwa kitu wasichokijua.

Tofauti kati ya chuma laini na pua ni kitu kidogo mno. Ni kaboni, ambayo ndiyo makaa yenyewe yaliyoingia ndani ya chuma. Chuma chenye kaboni pungufu ya 0.2 kwa mia hakikomai kwa maana yoyote, hata ukikichovya majini mara kumi. Kikifika baina ya 0.5 na 1 kwa mia, hicho ndicho chuma cha kisu. Kikipita 2 kwa mia hakifuliki tena. Ukikipiga nyundo hupasuka kama kigae, na kazi yake ni kumiminwa katika kalibu. Mhunzi wa zamani hakuwa na mizani ya kupima sehemu ndogo namna hiyo. Alikuwa na macho, masikio, na nyundo.

Na alianzia wapi mtu aliyetaka pua hali hapana duka la kuiuza? Alianzia ufukweni. Nenda kaskazini ya Malindi, mahali Mto Sabaki unapomwaga maji yake baharini, utazame mawimbi yanaporudi nyuma: yanaacha mistari ya mchanga mweusi, mzito kuliko huu mweupe. Mpe mtoto sumaku aipitishe juu yake, aone punje zinavyoruka na kuning'inia kama ndevu. Zile ni punje za mawe ya chuma zilizosagwa na mto tangu bara.

Mchanga huo hutiwa katika tanuri la udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, kimo chake kama kifua cha mtu mzima, chini likiwa na tundu linalopitisha bomba la udongo, na nyuma ya bomba kuna mivukuto ya ngozi. Tanuri hujazwa makaa na kuachwa liwake mpaka kuta zikauke na kuwa nyekundu. Kisha ndipo kazi ianze: kata ya mchanga, kata ya makaa, kwa zamu, na mivukuto isisimame, saa baada ya saa, wavukutaji wakipokezana. Ndani, makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani wamefunga madirisha. Hewa hiyo, ambayo kwa wenye kulala ni mauti, hapa ni mtumishi: huinyang'anya oksijeni iliyoshikamana na chuma, chuma kikabaki peke yake. Joto la tanuri hufika nyuzi 1,200 za Selsiasi na kupita, ilhali chuma huhitaji nyuzi 1,538 kuyeyuka. Kwa hiyo chuma hakiyeyuki. Punje hushikana zikawa donge lenye matundu kama sifongo, na takataka ndizo zinazoyeyuka na kutiririka chini. Takataka hizo zikiganda huitwa mavi ya chuma, na ndizo zinazowaambia wachimbuaji wa mambo ya kale kwamba mahali fulani palikuwa na wahunzi.

Tanuri huvunjwa, donge hutolewa likiwa linawaka, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Donge halina usawa. Upande uliokabili hewa umepata kaboni haba. Upande uliolala kwenye makaa umekula kaboni nyingi. Mhunzi hulikata vipande, akavibapiza, akavitia moto na kuvichovya majini, kisha akavivunja kimoja kimoja juu ya fuawe. Kinachopinda bila kuvunjika ni chuma laini, huwekwa kando kwa mwili wa jembe. Kinachovunjika kwa sauti kavu, na ndani yake punje ni ndogo na za kijivu kama majivu yaliyochekechwa, hicho ni pua. Vipande vya pua hupangwa juu ya vingine, hupashwa moto mpaka vitoe cheche, hunyunyiziwa mchanga safi ili magamba ya kutu yayeyuke na kutoka, na hugongwa vikashikana. Kisha chuma hukunjwa, hugongwa, hukunjwa tena. Ukikunja mara 7, tabaka 1 limekuwa tabaka 128, na kaboni iliyokuwa imejaa hapa na kupungua pale imesambaa sawasawa. Sehemu kubwa ya donge huishia kuwa cheche na magamba sakafuni. Kwa kisu kimoja cha jikoni, mtu ameteketeza magunia ya makaa. Ndiyo maana zamani kisu kiliachwa urithi.

Sisemi haya kwa kuwaza. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika kasri la mfalme Roger wa Sisili, alipofika kuwataja watu wa pwani hii alisema kwamba Malindi wana machimbo ya chuma na kwamba chuma ndicho pato lao kubwa. Aliitaja na Mombasa kwa chuma vile vile. Chuma cha nchi ya Zanji, kwa maelezo yake, kilisafirishwa India, na Wahindi ndio waliokuwa mabingwa wa kukigeuza kuwa panga. Mwenzetu Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, alichimbua na kuchunguza vyuma vya miji yetu ya kale, na katika Galu, huko Kwale karibu na Diani, kati ya vyuma vilivyopimwa kulikuwa na pua iliyoyeyushwa ndani ya chungu kilichofunikwa, aina ile ile iliyoipa sifa India ya kusini na Sarandib. Wengi wa wanaopita barabara ya Ukunda kila siku hawajalisikia hilo. Profesa huyo hakuishia kwenye magofu. Alikaa na wahunzi walio hai wa pwani, akaandika mwaka 1996 juu ya maisha yao na nafasi yao katika jamii.

Upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya walilijenga tena tanuri la babu zao katika miaka ya 1970 mbele ya watafiti wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery. Walichoma matete ya kinamasi katika shimo la chini, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kutoka, na donge walilolitoa lilikuwa na pua. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978, na wanasayansi wamebishana tangu hapo kuhusu kiasi cha joto. Pua yenyewe hakuna aliyeikana.

Na katika turathi zetu za Kiislamu, mwanafalsafa al-Kindi aliandika karne ya 9, kwa ajili ya Khalifa al-Mu'tasim, risala nzima kuhusu panga na vyuma vyake. Alikigawa chuma mafungu mawili: kilichotoka ardhini jinsi kilivyo, na kilichotengenezwa na mwanadamu, ambacho ndicho pua. Chuma cha ardhini nacho alikigawa kigumu na laini, akakiita kimoja dume na kingine jike. Najiuliza ni wanafunzi wangapi wetu wanaofunzwa kwamba yule aliyewaandikia watu kuhusu akili na nafsi aliona fahari vile vile kuandika kuhusu moto na nyundo.

Matanuri ya pwani yalizimika polepole. Chuma cha viwanda vya Ulaya kilipojaa bandarini katika karne ya 19, kikiwa kimekwisha kunyooshwa katika fito, nani angekesha akivukuta mchanga? Kuyeyusha kukafa, kufua kukabaki. Nalo hilo la kufua lilibaki kwa heshima: mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa na jina kwa mafundi wake wa ngozi, wa nakala za misahafu na wa silaha. Lakini siku hizi mhunzi hupata pua yake kwenye yadi ya magari yaliyokufa. Springi ya lori ni pua nzuri, kaboni yake ni karibu 0.6 kwa mia. Tupa kuukuu ina zaidi ya 1 kwa mia, nayo hutoa kisu kikali sana ikiwa fundi anajua kuipunguza ukali wa tabia. Nondo za kawaida za ujenzi hazifai. Na mimi nimekwisha kuona nondo iliyobapizwa ikauzwa kwa jina la springi, inang'aa vizuri, na anayeuza anaapa.

Nina fundi ninayemtembelea upande wa bara. Kibanda chake hakina dirisha, na watoto wa jirani husema anafanya mambo ya kiza. Nami niliwahi kumuuliza. Akacheka. "Sheikh, juani chuma hakisemi," alisema. Maana yake, rangi ya chuma kilichopata moto ndiyo kipimo cha pekee alicho nacho, na rangi hiyo jua huifuta. Katika kiza chake, chuma kikiwa chekundu kilichopauka bado hakijafika. Kikiwa chekundu cha kuiva hugusisha sumaku kubwa iliyofungwa kwenye kamba, na sumaku ikikataa kushika, basi chuma kimefika. Kikipita hapo kikawa cha manjano, punje zake hukua na kisu kitavunjika kama biskuti. Wataalamu wa maabara husema sumaku huachia chuma kwenye nyuzi 770 hivi. Fundi wangu hajawahi kuisikia nambari hiyo.

Kwanza hukifua: hukivuta kwa nyundo kutoka upana hadi urefu, akakichonga ncha, akauacha nyuma msuka wa kuingia katika mpini. Huipiga nyundo pande zote mbili kwa usawa, maana upande uliopigwa zaidi hukivuta kisu kikapinda siku ya kuchovya. Baada ya hapo hukipasha moto mara moja tena na kukizika katika majivu mpaka asubuhi, kipoe taratibu, kitulie. Hapo huwa laini kiasi cha kukatwa kwa tupa, naye hukipa umbo, lakini hauachi ukingo ukawa mwembamba. Huuacha na unene wa sarafu. Ukingo mwembamba ukiingizwa motoni huungua kabla mgongo haujapata rangi.

Kisha huja kuchovya. Springi ya lori haichovywi majini. Maji huipoza kwa ghadhabu ikapasuka, na mpasuko wenyewe huenda ukajificha hadi siku ya kazi. Yeye hutumia mafuta aliyoyapasha kidogo katika debe, hukiingiza kisu wima, ncha mbele, wala hakitikisi ubavu. Kikitoka hukijaribu kwa tupa. Tupa ikiuma, kazi imeharibika. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kisu kimekomaa.

Wengi wa wanaojifunza kwa kubahatisha huishia hapo, wakauza. Kisu cha namna hiyo ni kigumu kupita kiasi. Ukikiangusha sakafuni huvunjika vipande viwili. Kazi inayobaki ndiyo inayonipendeza kuliko zote, kwa kuwa haina kishindo. Fundi husugua ubapa mpaka uwe mweupe, kisha huuweka mgongo wa kisu juu ya kipande kinene cha chuma chenye moto, na hutazama. Rangi huanza kutambaa kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia kwenye 250, zambarau kwenye 280, buluu kwenye 300. Kila rangi ni ugumu uliopungua na ustahimilivu uliozidi. Kwa panga la kufyekea huiacha ifike zambarau au buluu, kwa sababu panga hupigana na mashina. Kwa kisu cha kuchinjia, manjano inayoanza kuingia kahawia ikifika kwenye makali hukitia majini papo hapo. Ni suala la kupepesa jicho. Siku moja nilimsemesha wakati huo. Hakunijibu, wala sikuudhika.

Kutokana na haya mtaelewa jambo ambalo linaharibu visu vizuri katika mji wetu kila mwaka. Siku tatu kabla ya Idd, watu hupanga foleni kwa wenye mashine za kunolea, za umeme na za baiskeli. Si lawama kwao wote. Wako wanaochovya kisu majini kila mara. Lakini jiwe likizunguka kwa kasi na kisu kikashikiliwa hapo bila maji, ukingo hupata joto haraka, na ukiona makali yamegeuka buluu, fahamu kwamba ule ugumu uliotiwa kwa uangalifu umeondoka kwa dakika moja. Kisu kitatoka kinakata. Kitakata mbuzi mmoja.

Naona haya kidogo kusema kwamba mafundi hawa tunawahitaji mara moja kwa mwaka na kuwadharau miezi mingine yote. Mzazi mmoja aliniletea kijana wake aliyeshindwa na masomo, akaniomba nimwombee kazi ya ofisini. Nikamwambia nitampeleka kwa mhunzi ajifunze. Akanuna, akasema mwanawe hakuzaliwa kuvuta moshi. Na wapo wanaoitolea dharau hiyo dalili ya dini, kwa hadithi mashuhuri inayomfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mwovu na mvukuta moto. Huko ni kuisoma hadithi kwa jicho moja. Mfano unazungumzia cheche ichomayo nguo na harufu ishikayo mwili, mambo ambayo mhunzi mwenyewe hayakani. Kuhusu kazi yenyewe tunayo mapokezi mengine. Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), alilelewa na kunyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi, Abu Sayf. Anas bin Malik amepokea kwamba Mtume alikuwa akienda kumwona mwanawe na nyumba imejaa moshi wa mvukuto. Anas hutangulia mbio kumwambia Abu Sayf asimame kidogo, Mtume amewasili. Kisha Mtume huingia humo humo, akampokea mtoto, akambusu. Khabbab bin al-Aratt, katika Waislamu wa mwanzo kabisa, alikuwa mfua panga wa Makka. Na Nabii Daud (A.S.), mfalme, alilainishiwa chuma akaunda deraya kwa mkono wake, akala kwa jasho lake. Kama moshi wa kiwanda ungekuwa aibu, mtoto mpenzi kuliko wote Madina asingelazwa ndani yake.

Fundi wangu ana mwanafunzi mmoja tu, naye si mwanawe. Watoto wake wamekwenda zao mijini. Amenieleza kwamba kufua humchukua kijana mwaka, na kuzisoma rangi humchukua miaka mitano, wala hakuna njia ya mkato, kwa sababu rangi haziandikiki kwenye karatasi. Yeye amekwisha kupita miaka sitini, na macho yake yameanza ukungu. Hilo la macho alilisema kwa sauti ya chini, mwanafunzi akiwa amekwenda kuchota maji.

Anayetaka kisu cha Idd, basi, na aende kwa mhunzi na springi yake mwenyewe, au amwombe amwoneshe chuma kabla hakijafuliwa. Kisu kikiwa tayari, ajaribu mambo mawili hapo hapo. Apitishe tupa polepole karibu na makali, isikie inateleza zaidi kuliko inavyouma. Kisha akikunje kidogo ubavuni juu ya gogo na kukiachia: kirudi kikanyooka. Kilichobaki kimepinda ni laini. Atazame noleo, ile pete ya chuma shingoni mwa mpini, isicheze, kwa kuwa mkono wenye damu huteleza na kisu kilicholegea mpinini kimekwisha kuwakata wachinjaji wengi. Kwa mbuzi, ubapa wa shibiri moja au zaidi kidogo unatosha. Kwa ng'ombe, mrefu kuliko huo, na usiwe na meno. Visu vya kumeta vya dukani si vyote vibaya, lakini vingi vya bei rahisi ni laini, na mng'aro hauoneshi ugumu.

Nyumbani, kinoo cha mkono na maji vinatosha. Kisu cha pua hushika kutu, hasa kwa hewa hii ya chumvi, kwa hiyo kioshwe, kikaushwe kabisa, kipakwe mafuta ya nazi kidogo, na kisiachwe ndani ya ala ya ngozi mwaka mzima, kwani ngozi hunyonya unyevu ikaulisha ukingo. Kifungwe katika kitambaa kilichopakwa mafuta.

Na msiende siku za mwanzo za Mfunguo Tatu, wakati kila mtu yuko mlangoni kwake. Apelekewe kazi tangu Mfunguo Pili. Wakati huo ana nafasi ya kukiacha chuma kilale majivuni usiku kucha, na makaa ya vifuu bado anayapata kwa bei nafuu.